Nimerudi Dar es Salaam, lakini bado sijafika

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mhandisi wa maji, na kifungua mimba wa mama yangu. Ninakuandikia saa nane za usiku kwa sababu usingizi umekuwa adimu, na kwa sababu kila ninapojaribu kumweleza mtu wa karibu jambo linalonisumbua, huonekana ninaringia safari.

Agosti 2021 nilipata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili mjini Delft, Uholanzi. Masomo yalikuwa ya miaka miwili, na baada yake nilitumia kibali cha mwaka mmoja ambacho serikali ya huko huwapa wahitimu wa kigeni ili watafute kazi. Nikaajiriwa katika ofisi ndogo inayosanifu mifereji ya maji ya mvua. Septemba 2024 nilirudi nyumbani, Kimara Temboni, na sitaki ufikiri kwamba nilirudi kwa kulazimishwa, kwa maana siku ile nilikuwa nimeihesabu kwa muda mrefu. Desemba yangu ya kwanza kule, jua lilikuwa likizama saa kumi na nusu jioni, na siku moja nilisonga ugali katika jiko la bweni, kwa unga niliousafiria hadi The Hague, nikaketi mbele yake nikalia mpaka ukapoa.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja tangu nirudi, na jiji hili limenishinda. Nina mkataba wa mwaka mmoja katika kampuni ya ushauri wa kihandisi huko Mikocheni. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili niwahi usafiri pale Kimara Mwisho kabla watu hawajafurika, na narudi saa mbili usiku nikiwa sina hamu hata ya kusalimia. Delft nilikuwa nafika ofisini kwa baiskeli kwa dakika kumi na mbili. Kazini, kikao kikipangwa saa tatu huanza saa nne na robo, na mimi niliyefika mapema ndiye ninayechekwa na kuitwa Mzungu. Mshahara ukiingia, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakwenda kulipa mkopo wangu wa shahada ya kwanza, na kinachobaki kinangojewa na makundi ya michango. Mwezi Juni pekee nilikuwa katika makundi manne, mawili ya harusi, moja la kumuaga bibi harusi na moja la msiba, na katika kila kundi kiwango changu kilikuwa kimeshapangwa na watu wanaoamini kwamba aliyetoka Ulaya hawezi kukosa.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Baba alifariki mwaka 2014, na tangu hapo hadi nilipoondoka, mimi ndiye niliyekuwa nguzo: ada za wadogo zangu, hospitali ya mama, hata kupanga fundi yupi aitwe. Siku moja mezani nilisema kwamba Uholanzi maji ya bomba hunywewa moja kwa moja na hata hayatiwi klorini kabla ya kusambazwa, na kwamba simtanki letu linahitaji kuoshwa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ana miaka 26 na anauza katika duka la vifaa vya ujenzi hapo Kimara, aliweka kijiko chini akasema, "Dada, mwaka 2022 maji ya Ruvu yalipopungua tukaingia kwenye mgao, mimi ndiye niliyebeba madumu. Huko kwenu mlikuwa na mgao?" Neno hilo, huko kwenu, sijalisahau.

Wiki mbili zilizopita alikuja jirani kuomba apitishe bomba lake pembeni ya uwanja wetu. Mama alimsikiliza, kisha akamwambia, "Msubiri kijana wangu arudi, yeye ndiye anayejua mambo ya hapa." Mshauri, mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimevaa kitambulisho cha kazi, na kazi yangu ni mabomba. Niliingia ndani nikalia kama mtoto.

Profesa wangu wa zamani ameniandikia kwamba kuna nafasi ya shahada ya uzamivu, ya miaka minne, yenye mshahara, na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wakati huo huo mwajiri wangu amesema mkataba utahuishwa ikiwa nitakubali kuhamia Iringa kwenye mradi. Rafiki yangu mmoja ananishauri nipange chumba mjini, karibu na kazi, niwe napumua. Nafasi za serikalini sijaziomba kwa kuwa bado sijapeleka vyeti vyangu TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, vitambuliwe. Mama ana presha na kisukari. Nikiondoka nitakuwa nimemtupa, na nikibaki nahisi nitakuwa mtu mwenye uchungu. Nisaidie, je, tatizo ni jiji au ni mimi?

Wako,
Mgeni wa Temboni

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiruka habari za foleni, ili nione kinachosalia. Nitakuja kukueleza nilichokiona.

Kwanza niirudie hoja yako kwa maneno yangu, nawe utanikosoa nikiwa nimekuelewa vibaya. Umerudi katika jiji ulilolitamani ukiwa mbali, na sasa jiji hilo hilo linakuchosha kwa safari zake, kwa vikao vyake vinavyochelewa na kwa michango yake isiyokwisha. Nyumbani unaonekana umebadilika, ilhali wewe unaona ni wao waliobadilika. Mbele yako kuna njia tatu zilizo wazi, na ya nne ambayo hukuitaja kama njia, yaani kubaki Temboni kama ulivyo, na kila moja unaiona kuwa ni usaliti wa mtu fulani.

Unayoyapitia hayakuanza na wewe. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha uchunguzi kuhusu Wanorway waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, akaeleza kwamba furaha ya mgeni hushuka baada ya siku za mwanzo, kisha ikapanda tena, kama umbo la herufi U. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza kwamba anayerejea kwao hukutana na bonde la pili, na umbo likawa la herufi W. Watafiti waliofuata wamekuta watu wengi ambao hawakupita njia hiyo kabisa, kwa hiyo siuleti mchoro huo kama ratiba ya kukuonyesha lini utapata nafuu. Nimeutaja kwa sababu ya jambo moja tu lililomo ndani yake: bonde la kurudi humkuta mtu akiwa hana maandalizi. Ulipokwenda Delft, wewe ulitarajia ugeni na wenyeji wako walikutarajia uwe mgeni, hata kosa lako la kupanda treni isiyo yako lilikuwa na udhuru. Ulipotua Dar es Salaam, nani alikupa udhuru? Ulitakiwa uwe mwenyeji tangu siku ya kwanza, na kukosea kwako kukaitwa kuringa.

Mimi sikuwahi kusoma ng'ambo. Katika miaka ya themanini nilipangiwa kufundisha Tabora, na niliporudi Magomeni baada ya miaka mitatu, nikiwa nimezoea salamu ndefu na njia zisizo na haraka, niligombana na kondakta wa chai maharage, yale magari ya abiria ya enzi zile, kwa sababu alinisukuma bila kuniamkia. Abiria wote walicheka. Nilimchukia yule kijana kwa muda mrefu kuliko alivyostahili, na nadhani nilichochukia hasa ni kile kicheko, kwa kuwa kilinitangaza kuwa mtu wa kuja katika mtaa niliozaliwa.

Sasa niruhusu niulize kuhusu jiji. Unailinganisha Dar es Salaam na Delft, na mlinganisho huo umekuwa mgumu kwako kwa sababu hauna mizani sawa. Delft ni mji wenye wakazi wanaozidi laki moja kwa kiasi kidogo tu, na kwao baiskeli hutosha kwa shughuli za siku nzima. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, nayo ya 2012 ilikuwa imehesabu 4,364,541, maana yake ni kwamba katika miaka kumi tuliongezeka kwa zaidi ya milioni moja, wengi wao wakitafuta makazi huko huko pembezoni mnakoishi ninyi. Hata barabara ya Kimara hadi Kibaha inayopita Temboni ilikuwa bado katika upanuzi ulipoondoka. Sisemi foleni isikuchoshe. Mtu anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku ana haki ya kuchoka, na waliobaki hapa miaka yote wamechoka pia, ingawa hawana mahali pengine pa kupatolea mfano. Ninachouliza ni kama unachokikosa ni Ulaya, au ni maisha ya mji mdogo ambao kazi iko karibu na kitanda. Jibu la swali hilo linabadilisha sana uzito wa zile njia zako tatu.

Nirudi kwenye kile nilichokiona nilipoiruka foleni. Machozi yametajwa mara mbili katika barua yako. Mara ya kwanza ni mbele ya ugali, Delft. Mara ya pili hukulia katika foleni wala ulipoitwa Mzungu kazini, wala hata mdogo wako aliposema huko kwenu. Ulilia mama alipomwambia jirani amsubiri kijana wake. Nadhani hapo ndipo barua yako ilipo, mwanangu, na habari za vikao na michango zimekizunguka kidonda hicho kama wageni wanaokizunguka kiti cha mgonjwa.

Tangu mwaka 2014 ulikuwa na cheo katika nyumba ile, ingawa hakuna aliyekupa kwa maandishi. Ulipoondoka, cheo hakikuweza kukaa kitupu kwa miaka mitatu. Kuna mtu aliyepaswa kuununua umeme wa LUKU, kumpeleka mama kliniki, na kubeba madumu wakati wa mgao wa mwaka 2022, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye pengine hakuwa tayari. Alifundishwa utu uzima na shida zilizotokea ukiwa mbali. Kisha dada yake akarudi, na siku moja mezani kijana huyo akayasikia maneno kuhusu simtanki. Wewe ulikuwa unaeleza jambo la afya, na kitaalamu uko sahihi, kwa sababu tangi lisilooshwa huharibu hata maji yaliyoingia safi. Je, inawezekana kwamba yeye alisikia anakaguliwa?

Mama naye, je, una hakika kwamba alikushusha? Jirani hakuuliza upana wa bomba. Aliuliza habari za mpaka, za ujirani, labda za ugomvi wa zamani uliotokea ulipokuwa hupo, na mambo hayo kwa kweli anayajua aliyekuwepo. Inawezekana pia kwamba mama anakuona bado ni mpitaji, na anaogopa kukuegemea halafu uondoke. Hilo siwezi kulijua nikiwa hapa. Nimejiuliza tu, kwa kuwa umeniambia vyeti vyako havijapelekwa TCU baada ya miezi kumi na moja. Huenda ni uchovu, huenda ni mlolongo wa ofisi, nami sikulaumu. Lakini mtu anayekaa nawe nyumba moja huona mambo ya namna hiyo, na huyasoma kwa namna yake.

Tuje kwenye njia zenyewe. Nafasi ya uzamivu ni jambo kubwa, na sitaki uikatae kwa sababu ya hatia peke yake. Kule Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huwa mwajiriwa anayelipwa, kwa hiyo ungeweza hata kuwasaidia nyumbani kuliko sasa. Hatari ninayoiona ni mbili. Utamaliza ukiwa na miaka kama 35 au 36, na utakabiliwa na kurudi kwa mara ya pili, katika jiji litakalokuwa limekua tena na nyumba itakayokuwa imejipanga tena bila wewe. Kama hujajua kilichokushinda safari hii, huenda ukakikuta kinakungoja. Hatari ya pili ni presha na kisukari cha mama. Magonjwa hayo huhitaji mtu wa karibu wa kufuatilia dawa na kliniki, na mtu huyo atakuwa mdogo wako kwa miaka minne mingine. Je, yuko radhi? Hili haliwezi kuamuliwa na wewe na profesa peke yenu. Kwa upande mwingine, jiulize kwa uaminifu: kama nafasi hii ingekuja siku moja kabla ya jirani kuomba kupitisha bomba, ungeitamani kwa kiasi hiki? Ikiwa jibu ni ndiyo, kwa sababu kuna utafiti unaotaka kuufanya na swali la maji unalotaka kulijibu, basi hiyo ni hoja nzito ambayo barua yako haikuitaja hata kwa sentensi moja, na ningependa kuisikia.

Iringa nadhani umeipita haraka mno. Umeiandika kama adhabu ya mwajiri, lakini kwa mtu anayeukumbuka mji ambao ofisi ilikuwa dakika kumi na mbili, ingefaa uende hata kwa siku mbili ukaone. Hasara yake ni kwamba uko mbali na mama bila ile heshima ambayo watu huipa safari ya masomo, yaani huko Ulaya unasamehewa kutoonekana, lakini Iringa utaulizwa kwa nini hukuja mwishoni mwa juma. Halafu ni mkataba tu, na miradi ina mwisho.

Kupanga chumba karibu na kazi kungekurudishia saa nyingi za maisha yako, pengine na usingizi. Andaa fedha, kwa kuwa wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Gharama nyingine haitajwi katika mkataba: binti asiyeolewa akihama kwa mama yake ndani ya jiji hilo hilo, majirani huuliza wamegombana nini, na mama ndiye atakayejibu maswali hayo getini. Wapo wanaolimaliza jambo hilo kwa kulizungumza mapema na mama, kumwachia chumba kikiwa na vitu, na kulala nyumbani kila Ijumaa na Jumamosi, hivi kwamba wanaonekana wamesogea kazini zaidi ya kuondoka nyumbani. Wengine wamejaribu hivyo na minong'ono ikabaki. Wewe unamfahamu mama yako kuliko mimi.

Ukichagua kubaki Temboni, kuna mambo yanayoweza kupungua ukali hata kama hayatakwisha. Katika michango, amua mwanzoni mwa mwezi kiasi chote utakachotoa, kigawe, na ukifika mwisho wake useme umefika bila kueleza sana, kwa sababu maelezo marefu hualika majadiliano. Kuhusu jina la Mzungu, sikiliza nani analisema na kwa sauti gani. Utani wa Dar mara nyingi ni mlango wa kukurudisha ndani, na anayekutania amekubali kwamba unaweza kumjibu, ingawa nakubali kuna wanaolitumia kama mwiba. Usingizi nao usiuache hivi hivi. Ikiwa umekosekana kwa wiki kadhaa na machozi yako karibu kila siku, muone daktari na umweleze kama ulivyonieleza mimi, kwa maana uamuzi wa miaka minne hauamuliwi vizuri na mtu asiyelala.

Umeniuliza kama tatizo ni jiji au ni wewe. Swali hilo silijibu, na si kwa kukukwepa, ila kwa sababu limeacha nje watu wawili wanaoishi nawe. Umeniandikia habari za profesa, za mwajiri na za rafiki, na wote hao wanajua kwamba uko njia panda. Nimetafuta katika barua yako mahali palipoandikwa kwamba mdogo wako anajua kuhusu nafasi hiyo ya Delft, nami sikupaona. Mama anajua? Kama hawajui, huenda usiku mmoja kabla ya mwisho wa mwezi ukamngoja mdogo wako afunge duka, ukatembea naye kurudi nyumbani, ukamwambia. Mwulize pia ilikuwaje ile miaka mitatu, umwache aseme hadi amalize, na simtanki usilitaje. Naomba uniandikie ukishamwambia, au hata kama utaamua kutomwambia.